Bangili Iliyobaki Hewani

Madurai, 6 Mei 1976

Shangazi yangu mpendwa,

Na hapana, sijakonda! Aliyekuletea habari hizo ni yule muuza vyungu, na yeye aliniona kwa mbali nikiwa nimebeba ndoo ya maji. Mtu akibeba ndoo huonekana mwembamba. Mwambie nakula mara tatu kwa siku, na mara ya nne yeye akirudi kutoka kazini na ndizi za kukaanga kwenye gazeti. (Unajua “yeye” ni nani. Jina lake siwezi kulitamka wala kuliandika, mke mzuri halitaji, lakini nikiandika tu “yeye” kalamu inatabasamu.)

Shikamoo, Shangazi, na miguu yako naishika kweli, hasa ule wa kushoto unaouma. Hapa sote wazima. Baba mkwe amesafiri na zumari lake, harusi ni nyingi mwezi huu. Mavyaa, Mama Visalakshi, hajambo, anakusalimu kwa kutikisa kichwa, maana maneno yake ni machache kama wali wa mwisho wa mwezi.

Nikuambie jambo la kukuchekesha? Juzi nilimuuliza yeye, ulinipenda lini? Akasema siku waliyokuja kuniona, nilipompa bilauri ya kahawa. Nikadhani atasifu macho. Akasema, “Uso ulikuwa umeuinamisha, ningeuonaje? Nilipenda vidole. Niliona bilauri imeshikwa kama ua.” Shangazi, nilikaribia kuanguka! Tangu hapo anataka nimfundishe mkono mmoja wa ngoma yetu kila siku. Kichwa cha Paa amekiweza. Yungiyungi bado, lake limenyauka. Mdomo wa Bata ameupenda mpaka anautumia dirishani stesheni anapotoa tiketi. Mkulima mmoja akamuuliza, “Ndugu yangu, mkono umekufa ganzi?” Nilicheka hadi maziwa yakafurika jikoni.

Lakini ni mikono tu. Siku ya pili ya ndoa Mavyaa alinivisha asumini kichwani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akasema, “Mwanangu, katika nyumba hii miguu ni ya kutembelea.” Basi. Hakukunja uso, hakueleza. Njuga ulizokuwa ukinivisha ziko kwako ukutani, ninazisikia hata hapa.

Sasa jambo lenyewe. Kila alfajiri Mavyaa huchora kwa unga wa mchele mbele ya mlango, mimi nikishika bakuli. Wiki iliyopita niliutazama mkono wake kwa mara ya kwanza. Dole gumba na cha shahada vimebana unga, cha kati na cha mwisho vimesimama, na cha pete kimeinama. Kimeinama, Shangazi! Kile kidole ni chetu. Ni cha Bibi Mkuu, bibi yako na mwalimu wako, kilichopondwa na mchi akiwa na miaka saba, kisha kisinyooke tena maisha yake yote, na wanafunzi wake wakakiiga wakidhani ndivyo Mdomo wa Bata ulivyo. Ulinieleza mwenyewe kwamba alipokuja bwana mmoja na kitabu kuonyesha kidole kinapaswa kunyooka, nyumba nzima ikasema kitabu kimekosea. Nje ya ukumbi wetu hakuna mtu anayekiinamisha hivyo. Mavyaa alijifunza wapi?

Na jingine. Mwezi wa Aadi hauko mbali, mwezi ambao bibi harusi mpya hurudishwa kwao, na siku ya bangili Mama Mungu atapita katika mtaa wetu, amebebwa kutoka hekaluni, kama kila mwaka. Mtu wa nyumba yetu lazima asimame barazani acheze, ampe bangili kwa mikono mitupu. Vidole vyako havifungi tangu mvua zilizopita. Nisipokuwa mimi, nani? Uliniambia kabla ya harusi kwamba utatafuta njia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuuliza utotoni? Katika ngoma, muuza bangili anatandika kitambaa, anachagua, anainua bangili kwa Mdomo wa Bata, halafu tunainama na kumaliza. “Shangazi, mbona bangili inabaki hewani?” Ukasema, “Mungu anaichukua mwenyewe.” Naomba nije nimpe.

Anayekupenda na mwenye furaha kupita kiasi,
Amudha


Kumbakonam, 27 Mei 1976

Amudha, mwanangu,

Barua yako imefika ikinukia ndizi za kukaanga. Niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani.

Namshukuru Mungu mko wazima. Mimi nipo. Ng'ombe ana mimba, amekuwa na kiburi kama mke wa karani. Paa lilivuja pembeni, Murugesan mwashi amelitengeneza vibaya na kulisifu vizuri. Wanafunzi waliobaki ni watatu. Mmoja ana masikio, mwingine ana miguu, wa tatu ana mama anayelipa kwa maembe. Wangekuwa mtu mmoja ningepata mchezaji.

Mume wako mwambie tiketi itolewe kwa Nusu Mwezi, kiganja wazi, mteja asidhani anafinywa.

Kuhusu kidole cha mavyaa wako: vidole vya watu huvunjika. Michi ni mingi nchi hii.

Kuhusu Aadi: njoo ule, ulale, nikupake mafuta nywele, kama wanavyofanya mabibi harusi. Kucheza, hapana. Wakati wa posa mavyaa wako alinitaka neno na mimi nililitoa. Mtu wa nyumba yetu akitoa neno, limetoka. Usiniulize.

Mama Mungu atapita. Mimi nitakuwa barazani na vidole nilivyo navyo.

Shangazi yako,
Ranganayaki


Madurai, 11 Juni 1976

Shangazi yangu,

Nilipanga kukuandikia barua ya hasira. Niliianza, yeye akaisoma begani kwangu, akasema, “Hasira yako ina vituo vingi mno, kama treni ya mizigo,” nikacheka, ikaharibika. Basi pokea hii.

Shikamoo tena. Sote wazima. Ng'ombe akizaa jike, jina nitachagua mimi. Yeye amepewa saa mpya kazini, sasa anarudi saa tisa mchana na jua lote likiwa mabegani mwake, na mimi mlangoni nikijifanya napepeta mchele. Majirani wamenigundua. Wananiita “Mpepetaji”.

Lakini sikia kilichotokea Jumanne. Jirani yetu, Bi Hemalatha, mke wa meneja wa benki, anajifunza kucheza kwenye chuo kimoja cha kisasa chenye feni na vioo. Siku hizi ni fahari, Shangazi, wake wa mameneja wanalipia kile ambacho sisi tulitukaniwa. Alikuja na kitabu chake chenye picha, akanionyesha mikono ishirini na minane mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu nguo za dobi. Mimi nilinyamaza, naapa. Alipofika kwenye Mdomo wa Bata nikasahau, mkono ukainuka wenyewe.

Akaangua kicheko. “Hiki cha pete kimelala! Dada Amudha, mwalimu wako alikuwa haoni?”

“Alikuwa anaona,” nikasema.

“Basi alisinzia! Kinyooshe, mpenzi. Hivi. Tazama kitabu.” Na akakishika kidole changu akikivuta kama anayenyoosha waya!

Jikoni jiwe la kusagia likanyamaza. Mavyaa akatokea mlangoni, mkono umejaa unga wa mchele na dengu mpaka kiwikoni.

“Mwachie kidole chake,” akasema.

“Mama, namsahihisha tu. Kimelala.”

“Hakijalala. Kimeinama. Aliyelala hajui nani yuko mbele yake. Aliyeinama anajua.” Kisha akainua ule mkono wa unga, Shangazi, akaufanya. Unga ukimdondoka. Ilikuwa kama bata mwenyewe ameinua kichwa kutoka majini na maji yanamchirizika. Nimekutazama wewe miaka kumi na mitano, na sikudhani mtu mwingine duniani anaweza kunisisimua nywele za shingo. “Kitabu chako,” akamwambia Bi Hemalatha, “kiliandikwa na mtu aliyehesabu vidole. Nyumba yao iliweka mungu ndani yake. Kunywa kahawa yako, inapoa.”

Bi Hemalatha alikunywa. Aliinywa yote!

Nilijawa na fahari. Alisema “nyumba yao”. Yetu! Nikamfuata kwenye jiwe. “Mama, ulifundishwa na nani?” Akasaga. “Mama, ulimjua Bibi Mkuu?” Akasaga. Nikakaa chini nikamsukumia mchele kwa mkono, akasaga na mimi nikasukuma, mpaka ukaisha. Hapo ndipo aliposema, bila kuniangalia: “Muulize shangazi yako njuga zake alizipata wapi.”

Nakuuliza, Shangazi. Uliniambia ulizinunua Tanjavur.

Amudha


Kumbakonam, 19 Juni 1976
(kadi ya posta)

Barua imefika. Ng'ombe amezaa, dume. Nitajibu.
R.


Madurai, 1 Julai 1976

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Ulisema utajibu. Tarishi ameanza kunionea huruma, jana alinipa barua ya watu wengine niishike kidogo.

Mavyaa haulizi. Lakini tarishi akipiga kengele, jiwe la kusagia linanyamaza.

Wako,
Amudha


Kumbakonam, 5 Julai 1976

Amudha, mwanangu,

Hatujambo. Ndama anakula. Paa limevuja tena. Nimekwisha kukupa habari za nyumbani, sasa sina pa kujificha.

Sikuzinunua Tanjavur. Nilizitoa mtoni.

Bibi Mkuu alikuwa na wanafunzi wawili aliowaita kwa jina: mimi, mjukuu wake, na Visalam, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huyo Visalam ndiye mavyaa wako. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, yeye kumi na mitano, na alikuwa bora. Nimeliandika. Litazame vizuri kwa sababu sitaliandika tena. Miguu ilikuwa yangu, lakini mikono ilikuwa yake. Akifanya Nyuki, watu walijikinga uso.

Unajua desturi ya ngoma ya bangili. Hujui desturi ya mwisho wake. Bangili haibaki hewani. Kuna mkono wa mwisho, wa kumvika Mama Mungu, na hautolewi hadharani. Anayeujua humpa mmoja tu, yule atakayesimama barazani mwaka huo, naye baadaye humpa wa kwake. Hautolewi mara mbili. Mwaka ule Bibi alimpa Visalam, ngazini mtoni, siku tisa kabla. Mimi nilifua nguo hatua kumi kutoka pale na kuwapa mgongo, kama inavyopasa.

Sheria ya kukataza ngoma hekaluni ilikuwa imetoka. Kaka yake Visalam akarudi kutoka Madras na miwani na gazeti. Akasema wanawake wa kwetu hawatacheza tena, si hekaluni, si barazani, si mbele ya ng'ombe. Akachukua njuga za dada yake akazitupa mtoni Kaveri mbele ya macho yake. Visalam hakulia. Wiki ile wakamhamishia kwa ndugu Madurai, na mwaka uliofuata akaolewa.

Maji yalikuwa chini. Siku ya pili nilizamia, nikazipata. Nilidhani namwekea.

Siku ya bangili ikafika, ngoma zinasikika kona ya mtaa, na baraza letu tupu. Bibi akanitazama. Nikavaa njuga za Visalam nikasimama. Nilicheza vizuri, Amudha. Sitasema uongo ili nionekane mnyenyekevu. Watu walilia. Nilipofika mwisho, sikuwa na mkono, nikainama. Wakadhani ndivyo ilivyo. Usiku huo nilimwomba Bibi anipe mkono wa mwisho. Akasema, “Nilishautoa. Una mwenyewe. Nenda kamuombe.” Kabla ya baridi kwisha alifariki.

Kutoka hapa mpaka Madurai treni huchukua nusu siku. Mimi imenichukua miaka ishirini na minane na bado sijafika. Kwa nini? Kwa sababu kumuuliza ni kusema kwamba mimi, Ranganayaki, ambaye watu walikuja kunitazama kutoka Tanjavur, nilicheza ngoma pungufu maisha yangu yote. Na wewe nikakufundisha pungufu, nikakuambia Mungu anaichukua mwenyewe.

Walipokuja kwa posa, niliitambua sauti yake kabla ya uso. Aliweka sinia la tambuu chini, akasema, “Binti atakuja kwangu. Miguu ibaki kwako.” Nikajua analipiza. Nikaona ana haki. Nikasema ndiyo.

Mwaka huu vidole vyangu vimekataa hata kufunga kitasa. Nikifa, ngoma imekatika pale pale nilipoikatia mimi.

Kwa hiyo. Mwambie Visalam njuga zake ziko ukutani kwangu, nazipaka mafuta, zimepungua kumi na moja tu. Na umuulize, kwa niaba yangu, kwa jina langu kamili: mkono wa mwisho ni upi?

Haya. Nimeuliza.

Shangazi yako,
Ranganayaki


Madurai, 19 Julai 1976

Shangazi yangu, fahari yangu, kichwa kigumu cha ukoo wetu,

Shikamoo mara mia! Sote wazima, wazima kuliko jana, na baba mkwe amerudi na gauti na magunia mawili ya nazi, na yeye amenunua sari ya rangi ya kifua cha tausi ambayo punguzo lake la bei siliamini hata kidogo, na yote hayo nitakusimulia tukionana, kwa sababu leo siwezi kungoja ukurasa wa pili.

Barua yako ilichukua siku nane. Mavyaa hawezi kusoma maandishi madogo, na maandishi yako ni madogo kama dhambi zako. Alikuwa anatoa kokwa za ukwaju. Akasema, “Soma.” Nikasoma yote. Sikuruka kitu, hata mahali uliposema alikuwa bora. Hapo mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea.

Nilipomaliza akasema, “Rudia pale.”

“Wapi, Mama?”

“Pale anapojisifu.”

Nikarudia: nilicheza vizuri, Amudha, sitasema uongo.

“Alicheza vizuri!” Akacheka, Shangazi. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kama msichana aliyemwagiwa maji. “Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kama ndoo! Bibi alimwambia kila siku, Ranga, hiyo si bangili, hilo ni tairi!” Akajifuta macho kwa kiwiko. “Ila miguu... Miguu yake tusiizungumze. Nililala na njaa siku nyingi kwa ajili ya wivu wa ile miguu.”

Nikamuuliza lile nililolibeba tangu siku ya pili ya ndoa. “Mama, mbona ulikataza ngoma?”

“Sikukataza ngoma. Nilikataza nusu ngoma.” Akaenda kunawa, akarudi, akakaa karibu yangu mpaka magoti yakagusana. “Kila mwaka muuza bangili wa Kumbakonam hupita hapa. Kila mwaka namuuliza, Ranga ameishia wapi? Ananiambia, ameinama, bangili iko juu. Nikasema mwakani atakuja kuuliza. Mwakani. Mwakani. Mimi sikuweza kwenda kumgongea mlango mtu ambaye hajaniuliza, nikasema pokea hiki hukukiomba. Mkono ule unaombwa. Halafu nikasikia ana binti wa kaka yake.”

Unajua alifanya nini? Alimkatalia yeye wangu wachumba saba! Saba! Mmoja alikuwa na shahada na meno mazuri. Mwanawe akadhani mama yake anamchukia. Alikuja kwetu siku ile kutazama kitu kimoja tu, nikipokea sinia kidole cha pete kitafanya nini. “Kikainama,” akasema, “nikamwozesha mwanangu palepale.”

Na ule msemo wa miguu? “Nilitaka akasirike,” akasema. “Nilidhani akikasirika ataandika barua. Kumbe alikubali! Miaka ishirini na minane, na siku moja anayoamua kuwa mpole ndiyo ile.”

Saa tisa yeye aliporudi nikamsimulia yote. Akasimama katikati ya ukumbi akidai kwamba yeye ndiye aliyeviona vidole kwanza, kwenye bilauri. Mama yake akasema yeye aliviona kwenye sinia, na sinia lilitangulia. Wamegombana hadi kahawa ikapoa, na mimi katikati yao, mwanamke aliyechaguliwa mara mbili kwa kidole kilichopondwa na mchi miaka mia iliyopita! Nimeolewa mahali gani hapa, Shangazi? Wakati mwingine nikiamka naogopa kufumbua macho.

Sasa sikiliza vizuri, maana haya ni maneno yake, ameniamuru niyaandike kama yalivyo:

“Mwambie Ranga nimesikia swali. Mkono wa mwisho siutumi kwa posta. Siutoi Madurai, hata kwa huyu mkwe wangu anayenisumbua tangu asubuhi akinifuata na bakuli. Nitautoa ngazini mtoni, mahali nilipoupokea. Na safari hii hafui nguo hatua kumi. Atakaa hapo karibu na kutazama. Desturi inasema mmoja, mimi nitawapa wawili. Bibi akikasirika, atanikasirikia mimi, nimezoea. Siku ya bangili Amudha atasimama barazani kwa miguu ya Ranga na mikono yangu. Sisi wawili tutakaa nyuma yake tumkosoe. Njuga azivae huyu mtoto, miguu yangu imenenepa. Na lile paa alitengeneze, sitaki kulala chini ya ndoo.”

Amemaliza. Kisha ameongeza, polepole, kwamba nisiandike hili, kwa hiyo naliandika: kila alfajiri kwa miaka yote hii, akimaliza kuchora mlangoni, huufanya ule mkono wa mwisho mara moja, akiipa barabara mgongo, usije ukamtoka. Nimeshika bakuli lake siku zote hizi nikitazama upande mwingine, nikimsubiri yeye wangu ageuke kwenye kona.

Tiketi ameziandika yeye mwenyewe, mbili, dirisha lake, kalamu yake, na amezitoa kwa Nusu Mwezi, kiganja wazi, kama ulivyoelekeza. Baba mkwe atajipikia, amekubali akilalamika. Nimeshafunga na kufungua mizigo mara tatu. Mavyaa amefunga sari yake ya harusi katika gazeti na anasema ni ya kujifunikia tu kwenye treni.

Panda kwenye kigoda, Shangazi, zishushe njuga ukutani. Na ile bangili iache palepale ilipo, hewani, usiishushe, usiiinamie. Tunakuja kumvika Mama Mungu mwenyewe, Mavyaa na mimi, kabla mwezi haujaisha.

Amudha wenu